Mafuta Hayapo, Historia Ipo

Mjukuu wangu ana mtindo wa kunisogezea simu yake usoni na kuniambia, "Bibi, hebu mtazame huyu. Kutwa yuwaandika mambo ya kale." Kisha aanza kunichambulia: huyu ana majivuno, huyu mkewe amekwenda zake, huyu hana kazi ya kufanya. Mimi hucheka kimoyomoyo. Yeye adhani hiyo ni ilimu mpya. Nilimsoma mtu kwa maandishi yake ya kila siku wakati mamake mjukuu huyu yuko darasa la kwanza, wala sikuhitaji simu. Nilikuwa na cherehani, baraza, na macho ambayo wakati huo hayakuwa yakitaka miwani.

Mtu mwenyewe tulimwita Karani. Aliuza mafuta ya taa pale Chaani, mkabala na baraza yetu, ng'ambo ya barabara ya vumbi. Duka lake lilikuwa kibanda cha mabati chenye pipa moja, kopo la kupimia, faneli, na harufu iliyomfuata mpaka kanisani siku ya Jumapili. Nje aliangika ubao mweusi kama wa shule. Ubao huo ulikusudiwa maneno mawili tu, Mafuta Yapo au Mafuta Hayapo, kwa sababu zama hizo mafuta yalikuwa yakiadimika, na mtu atokaye mbali na chupa yake apenda kujua habari kabla hajavuka barabara.

Lakini ubao ulikuwa mkubwa na maneno yalikuwa mawili. Mtu mwengine angeuacha hivyo, akalala. Karani hakuweza kuvumilia nafasi tupu. Asubuhi moja tukaamka tukakuta chini ya Mafuta Yapo pameandikwa, kwa mwandiko wa ofisini uliolala upande mmoja: "Je, wajua kwamba hapo uliposimama palikuwa shamba la mihogo?" Siku ile kila aliyekuja kununua mafuta alisimama, akasoma, akatazama miguu yake. Mzee mmoja alihama akaenda kusimama kando kidogo, sijui alidhani yuwakanyaga mihogo ya nani.

Basi ikawa kila siku. Akafunga kipande cha chaki kwa uzi kwenye msumari, akatangaza kanuni zake. Mwenye neno aliandike chini, aweke na jina. Anayekubali bila neno la kuongeza aweke alama ya vyema, ile ya mwalimu asahihishapo hesabu. Matusi yatafutwa kwa maji. Uwongo hautafutwa, utasahihishwa.

Hizo alama za vyema ndizo zilizonifunza kumsoma. Mbele za watu alizidharau. "Mie siandikii alama," alikuwa akisema, "naandikia vizazi." Haya. Lakini kila jioni kabla ya kufunga, alitoka na kaptula yake ya khaki iliyopigwa pasi ikasimama, soksi ndefu mpaka magotini, mikono nyuma, akatazama mawingu. Mawingu yakishatazamwa, shingo ikateremka polepole hadi ubaoni, na midomo ikaanza kucheza. Alikuwa akihesabu. Siku ya alama nyingi aliifunga kufuli yake akiimba wimbo wa kanisani. Siku ya alama mbili kufuli ilipigwapigwa kana kwamba ndiyo iliyokosa. Mara kadhaa nilivuka barabara, nikajifanya nanunua mafuta, nikamwekea moja. Alijua ni yangu, kwa sababu chaki yangu ilikuwa ya kukatia nguo, ya buluu, na hakuwahi kunishukuru. Alinipimia mafuta mpaka yakafurika kwenye faneli, basi.

Baada ya mwaka mmoja hivi nikawa namjua kuliko nilivyomjua mume wangu. Akiandika kuhusu reli, mambo yote ni mazuri. Akiandika kuhusu mfalme aliyesalitiwa na waziri wake, ujue kuna jirani aliyeonekana na chupa akitokea duka jengine. Jino lilipomwuma aliandika habari za ndui siku tatu mfululizo, na alipong'olewa jino lenyewe, ndui ikatoweka nchini.

Wareno ndio waliokuwa na maana kubwa zaidi. Kila alipogombana na mkewe, ubaoni Wareno walizingirwa ndani ya ngome yao. "Chakula kiliwapungukia. Msaada kutoka baharini haukuonekana." Mkewe alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, hajui makuu, mteja wangu wa magauni. Yeye hakuwa na haja ya kuusoma ubao, alinipigia kelele kutoka dirishani kwake, nyumba yao ikiwa ubavuni mwa kibanda.

"Fundi, leo ameandikaje?"

"Wareno wangali ngomeni, mama."

"Na wakae."

Siku ya pili au ya tatu angeniuliza tena, nami ningemwambia kwamba sasa wamebakia kula ngozi za viatu. Hapo alicheka mpaka mabega yakatikisika, akasema, "Mwambie lango limefunguliwa, aje ale." Nami nilivuka nikamwambia Karani vilevile, na kesho yake Wareno walisalimu amri kwa heshima zote. Sikumbuki tumewahi kulizungumza jambo hili yeye nami kwa maneno ya wazi. Lilikuwa lafahamika.

Alikuwa mtu wa kinyumenyume. Aliweza kukutajia masultani kwa mfuatano bila kumeza mate, lakini akitumwa mchele Magongo alirudi na gazeti. Alikuwa Mkristo asiyekosa ibada, na bado hakuna aliyejua misikiti ya zamani ya kando ya ghuba kama yeye. Ijumaa moja aliandika juu ya msikiti mmoja uliobaki kibla tu, mti umeota ndani. Maneno yakamfikia imamu wetu, akaja na bakora yake na watu wawili nyuma. Imamu akasoma kwanza mbali, kisha karibu, kisha akaiomba ile chaki, akaweka alama ya vyema kubwa kama mwezi. Jioni ile Karani alitazama mawingu muda mrefu sana. Alama ile aliizungushia duara, asiifute kwa wiki nzima, akawa aandika pembeni yake.

Na alikuwa na njia yake ya kazi ambayo sijaiona kwa mtu mwengine. Alikataa kuandika jambo lolote la mtaa bila mashahidi wawili waliokuwapo. Kusikia hakutoshi. "Kumbukumbu isiyo na shahidi ni uvumi uliovaa kanzu," alikuwa akisema. Na shahidi akija, hamuulizi mwaka. Alisema watu husahau miaka, wengine hata umri wao hawaujui, lakini hawasahau chungu. Basi amkalisha kwenye kigoda, amtazama, kisha amuuliza, "Siku hiyo kwenu mlipika nini?" Ukijibu palepale, mihogo ya nazi, papa, uji, atakusikiliza. Ukianza kutazama juu, atakushukuru kwa kuja na kukuaga. Nimeona wazee wenye ndevu zao wakitoka pale na aibu kwa sababu walishindwa kukumbuka mboga.

Jambo moja tu hakuliandika: yeye mwenyewe. Jina lake hatukulijua. Alikuwa karani wa wapi kabla ya kustaafu, hatukujua pia. Ukimuuliza atakujibu, "Ofisini." Sisi tulijikatia kwamba ni bandarini, kwa ajili ya zile soksi, tukaacha hapo. Mimi niliyejitia hodari wa kumsoma sikuona kwamba hapo pana pengo. Nilidhani ni unyenyekevu. Unyenyekevu, kwa mtu yule aliyehesabu alama kila jioni. Nacheka hata leo.

Sasa niseme habari ya Mama.

Mamangu tulikuwa tukikaa naye nyumba moja. Mwanamke mfupi, mkavu, akikushika kwa neno hakuachi. Hakujua kusoma, hivyo jioni nilimsomea ubao kwa sauti kutoka barazani, yeye akichambua mchele na kutoa hukumu. Karani alimpendeza. "Yule ana kichwa," alisema, na Mama kumsifu mtu ilikuwa kama mvua ya Januari.

Siku hiyo chini ya ubao watu walikuwa wameandika swali, na si mara ya kwanza, ilikuwa mara ya tatu: mfereji wa kwanza wa mtaa wetu, ule wa maji ya bomba, uliletwa na nani? Karani akajibu. Nikamsomea Mama: "Mfereji wa kwanza wa mtaa huu uliletwa na Mheshimiwa diwani wa wakati huo, kama jiwe la ufunguzi lililo pale mferejini linavyoshuhudia."

Mama aliweka ungo chini. "Soma tena."

Nikasoma tena.

"Diwani," akasema. "Diwani alikuja siku ya kufungulia. Alikuja akanawa mikono, akapigwa picha, akaenda zake."

Hadithi yenyewe nilizaliwa nayo. Kabla ya mfereji, wanawake wa hapa waliteka maji mbali, wakiamka alfajiri wakirudi jua limepanda. Wakasema na waume zao, waume wakasema wataliangalia. Wakangoja. Mwisho wanawake kumi na mmoja wakachukua madebe yao matupu, wakaenda kwa miguu mpaka kwenye ofisi iliyokuwa ikishughulika na maji siku hizo. Dirishani palikuwa na wavu, na nyuma ya wavu karani kijana. Akawaambia wakubwa hawapo, warudi siku nyengine, tena waje na waume zao, ndio waseme. Mama akamjibu, "Tutangoja." Wakayafudikiza madebe chini mbele ya dirisha, wakakaa juu yake. Yule karani akawafungia dirisha. Wakakaa mpaka jioni. Kesho yake wakaja tena, bila waume, wakafudikiza tena. Siku hiyo wakubwa walichoka kupita kando ya madebe, wakatoka, wakasikiliza. Miezi haikuwa mingi mfereji ukaja. Na diwani akaja na jiwe lake.

Katika maisha yake yote Mama hakuwa na kitu kingine cha kujivunia mbele za watu. Hakuwa na mali, hakuwa na cheo, mume alimfia mapema. Alikuwa na siku mbili za kukaa juu ya debe. Na sasa mtu mwenye kichwa, mtu aaminiwaye na mtaa mzima, alikuwa amezichukua siku hizo akampa diwani.

Akajifunga leso, akavuka barabara. Nami nyuma yake.

"Karani, umeandika uwongo," Mama akasema.

Karani alimtazama, kisha akatazama pipa. "Karibu, Bi. Keti."

"Sikuja kuketi." Akamweleza, yote, na lile dirisha. Karani alisikiliza huku akiipangusa faneli kwa tambara. Mama alipomaliza, ilikuwa ni zamu ya lile swali, na akaliuliza, ingawa sauti yake ilikuwa ndogo.

"Siku hiyo kwenu mlipika nini?"

"Hatukupika," Mama akasema. "Maji ya kupikia tungeyatoa wapi?"

Wallahi, sijapata kusikia jibu kama lile, na nilijua Karani naye hajapata. Aliiweka faneli. Nikangoja achukue chaki. Hakuchukua. Akasema, akimtazama Mama miguuni, "Kanuni ni mashahidi wawili, Bi. Lete wa pili."

Mama alivuka barabara akarudi nyumbani. Tangu siku ile hakununua tena mafuta kwa Karani. Akawa aenda na chupa yake mpaka Magongo, jua na mvua, na miguu yake ile iliyokuwa imeanza kuvimba. Akipita mbele ya ubao ageuza uso kama apitaye jaani. Nikamwambia, Mama, jamani, ni mafuta tu. Akaniambia, "Si mafuta."

Na mwaka uleule akajiandikisha ngumbaru, darasa la watu wazima. Miaka sitini na ushei, na kitabu ndani ya mkoba wa ukili. Alisoma jioni kwa kidole, silabi moja moja, mpaka wanangu wakawa wanazimalizia kabla yake na yeye awafukuza. Sikujua shabaha yake mpaka asubuhi nilipomwona amesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, akiandika kwa herufi kubwa zilizopanda mlima: UWONGO. Chini yake akaandika jina lake zima, la babake na la babu. Ilimchukua muda wa kutia mkono mmoja wa gauni. Karani alikuwa mlangoni, aliona kila herufi.

Hakulifuta. Alilichorea mstari pande zote nne, akaliacha, na wiki ile yote aliandika pembeni, kwa mwandiko mdogo. Na unajua aliandika nini? Wareno. Siku saba mfululizo wamezingirwa, wamepungukiwa, wamekula viatu. Nikamwita mkewe dirishani, "Mama, lango bado?"

"Lango lipi? Hatujagombana," akasema. "Hata usingizi hapati, sijui ana nini."

Nikasema labda ni jino. Mimi huyohuyo, hodari wa kusoma watu. Niliwekewa jibu ubaoni siku saba, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Shahidi wa pili tulimtafuta kweli. Wale kumi wengine walikuwa wamekwisha kuanza kwenda mmoja mmoja, na kila Mama arudipo mazikoni alivua buibui, akakaa, akasema, "Shahidi mwengine huyo." Mwisho tukaambiwa mmoja bado yuko hai, Likoni kwa mwanawe. Nikavuka feri kumchukua, nikamleta siku nzima, ajuza mzuri, mwepesi kama unyoya, njia nzima aniuliza mimi ni binti wa nani. Nikamweka kwenye kigoda cha Karani, Mama amesimama nje upande wa barabara, maana aliapa hakanyagi.

"Bibi," Karani akamuuliza kwa upole, "siku ya madebe, kwenu mlipika nini?"

Ajuza akatabasamu. "Pilau," akasema. "Na mbuzi wawili. Bwana harusi alikuwa wa Jomvu."

Mama alifunika uso kwa leso. Karani alimshukuru ajuza, akampa soda, na ubaoni hakuandika kitu. Siku hiyo nilimpigia kelele katikati ya barabara, mimi nisiyepayuka. Nilimwambia kichwa chake ni jiwe kama lile la diwani. Nilimwambia mamangu atakufa akiwa mwongo kwa sababu ya chaki yake. Alisimama akasikiliza mpaka nikamaliza. Akasema tu, "Una haki, Fundi," akaingia ndani. Hasira yangu ilikosa pa kwenda, nikaenda nikashona mikono miwili upande mmoja.

Tukaendelea hivyo miaka. Mtaa ukasahau, watu wana mambo yao. Ubao ukaendelea, mie nikasoma lakini sikumsomea Mama tena, na chaki yangu ya buluu ilibaki kwenye kijaluba. Mkewe Karani akafariki. Sikuwaona Wareno tena baada ya hapo. Macho yake yakaingia ukungu, mikono ikaanza kutetemeka, mwandiko ule wa ofisini ukawa mawimbi, kisha siku moja ubaoni pakabaki Mafuta Hayapo, na Mafuta Hayapo yakakaa miezi. Mfereji nao, ule wenyewe, ukawa watoa maji siku ukipenda, na mikokoteni ya wauza maji ikawa ndiyo inayopita mitaani. Mama akawa hawezi kutembea. Sukari ilikuwa imemharibia miguu. Alikaa ndani, mkoba wa ngumbaru ukining'inia msumarini juu ya kitanda.

Ilikuwa asubuhi, nafagia baraza, nikasikia, "Fundi." Karani amesimama mlangoni kwake, kaptula ileile, soksi moja imeteremka.

"Shikamoo."

"Marahaba. Njoo uniandikie. Mkono wangu hauandiki."

Nikavuka. Ile "una haki" yake ilikuwa imenikaa miaka yote. Nikachukua chaki, nikasimama mbele ya ubao, akawa nyuma yangu asoma kutoka kichwani.

"Masahihisho," akasema.

Nikaandika.

"Mfereji wa kwanza wa mtaa huu haukuletwa na diwani. Uliletwa na wanawake kumi na mmoja, waliokalia madebe yao siku mbili."

Nikaandika taratibu, nisikosee.

"Shahidi wa kwanza," akalitaja jina la Mama zima, la babake na la babu, kama alivyoliandika mwenyewe mwaka ule. "Shahidi wa pili."

Nikangoja. Nikageuka. "Wa pili nani, Karani? Wamekwisha wote."

"Andika: karani aliyewafungia dirisha."

Nilimtazama mpaka nikaona. Nilikuwa sijamtazama hivyo kabla, nilikuwa nikitazama ubao.

"Ulikuwa wajua," nikasema. "Siku zote."

"Siku zote. Alipoingia dukani mara ya kwanza kununua mafuta nilimtambua. Yeye hakunitambua, wavu ulikuwa mzito." Akaipandisha soksi, ikateremka tena. "Waliniuliza ubaoni mara tatu, Fundi. Lile jiwe liliponipa jina la mtu mwengine, nikalishukuru. Kisha mamako akaja akanambia hawakupika. Mimi siku ile nilikuwa nimekula wali na nyama ofisini, dirisha limefungwa, nawasikia wakiimba."

"Ukatuzungusha na sheria zako. Mpaka Likoni."

"Nilikuwa nangoja mtu mwengine anitoe. Wamekwisha wote, umesema mwenyewe. Nimebaki mimi."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na mengine hata leo ninayo. Nilikasirika, sifichi. Lakini chaki ilikuwa mkononi na nafasi ilikuwa tupu, nikaandika. Kisha akaniomba chaki, akasema jina ataliweka mwenyewe. Ilimchukua muda mrefu kuliko ule wa Mama. Hapo ndipo nilipolijua jina lake, baada ya miaka yote ile, na sitalitaja hapa. Aliliandika kwa ajili ya mtu mmoja.

Mtu mwenyewe alikuwa ndani kitandani. Nikamwambia, Mama, kuna maandishi. Akasema nisome kutoka dirishani kama zamani. Nikasema haya hapana, haya utayasoma wewe. Nikamsimamisha muuza maji aliyekuwa akipita, akateremsha mitungi yake yote pale barabarani, tukatandika leso juu ya mkokoteni, tukampandisha Mama, tukamvusha. Hatua ishirini tu. Watu wakaanza kutoka majumbani.

Karani aliona yuwaja. Akaingia kibandani, akatoka na debe tupu la mafuta, akalipangusa kwa shati lake, akalifudikiza mbele ya ubao. Tukamkalisha Mama juu yake.

Alisoma kwa sauti, kwa kidole hewani, silabi moja moja, na hakuna aliyemmalizia. Wa-na-wa-ke ku-mi na m-mo-ja. Alipofika kwenye jina lake alipumzika. Alipofika kwa shahidi wa pili alisoma mara mbili. Kisha akageuka, akamtazama yule mzee aliyesimama mkono ukimtetemeka, akamtazama kutoka soksi mpaka nywele, kama akadiriaye kitambaa.

"Ulikuwa na nywele nyingi," akasema.

"Nisamehe, Bi."

Mama aliitoa chupa chini ya leso. Sikujua kama alikuja nayo, na nadhani aliichukua huku nikimfunga viatu. Akamnyooshea.

"Nipimie mafuta."

Karani akatazama juu ya ubao, kule ambako mimi sikuwa nimegusa. "Mafuta hayapo, Bi."

"Nitangoja," Mama akasema, akajiweka sawa juu ya debe.

Karani akaenda, si kibandani, nyumbani kwake, tukamwona akipapasa ukuta njia nzima. Akarudi na kandili yake mwenyewe, akafungua kifuniko, akaweka faneli kwenye chupa ya Mama, nami nikamshikia mkono asimwage, akamimina mpaka tone la mwisho.